Petroli Iliyoishia Uani

Kila siku ya hospitali, Ghinwa alimsaidia bibi yake kuvaa viatu, akamshika mkono hadi uani na kumkalisha kiti cha nyuma cha gari. Kisha yeye akakaa kando yake. Kiti cha mbele kilikuwa cha Wisal.

Wisal alikuwa binti wa shangazi yake, mdogo kwake kwa mwaka mmoja. Baba yake alikuwa Kuwait kikazi, na mama yake, muuguzi huko Beirut, alikuwa akifanya kazi zamu za usiku. Kwa hiyo likizo ile aliletwa kijijini kwa kina Ghinwa, katika bonde la Bekaa nchini Lebanon. Alikuja na sanduku moja na maswali mengi, na baba yake Ghinwa, Nabih, alipenda maswali. Akifungua boneti, Wisal yuko pembeni. Akipima oili, Wisal ndiye mshika kitambaa. Siku moja alimfundisha kuwasha injini. Wisal akasahau kutoa gia, gari likaruka, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu.

Ghinwa aliwaona kupitia dirisha la jikoni, akikatakata kotimiri. Moyo ulimchoma. Baba hakuwahi kumwita yeye kwenye boneti, wala hakuwahi kucheka naye hivyo.

Kiangazi kile petroli ilikuwa adimu nchi nzima. Nabih alishinda kwenye foleni ya kituo cha mafuta, akarudi na kiasi kidogo alichokitunza kama dawa. Geji ya mafuta ya gari lake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo alijua kilichobaki kwa kuhesabu kilomita. Petroli ile ilikuwa ya safari za mji wa Zahle tu, ambako bibi alikwenda kusafishwa damu kwa mashine. Sokoni Nabih alikwenda kwa miguu.

Mchana mmoja umeme ulikatika kama kawaida. Nabih alikuwa amelala, na Wisal alikuwa chumbani akimsomea bibi gazeti. Ghinwa akachukua ufunguo msumarini, akaingia garini na kuwasha injini kama alivyomwona baba akifanya. Akafungulia kiyoyozi na redio, akaichaji simu yake. Wasichana wawili wa jirani walipopita aliwaita waingie. Aliwaambia kwamba gari ni la baba yake, na Wisal ni mgeni tu, mwisho wa likizo atarudi kwao. Kusema hivyo kulimpoza moyo kuliko kile kiyoyozi.

Hakuona kosa lolote. Gari halikusogea hata hatua moja; petroli ingekwenda wapi? Kesho yake akarudia, na siku zilizofuata pia.

Kisha alasiri moja Nabih alikuta kidimbwi cha maji chini ya gari, na mvua haijanyesha tangu masika. Alijua ni maji ya kiyoyozi. Akawauliza Ghinwa na Wisal nani amewasha gari.

"Mimi sijui, Baba," Ghinwa akasema. "Labda aliyefundishwa kuwasha."

Wisal aliapa kwamba hakuligusa. Macho yalimjaa machozi. Nabih hakugomba, alisema tu kwamba amesikitika, na kwamba safari ijayo Wisal atakaa nyuma. Ghinwa aliyaona machozi yale, akanyamaza.

Hivyo siku ya hospitali ilipofika, Ghinwa ndiye aliyekaa mbele. Alishusha kioo, akatazama mashamba ya viazi yakipita. Alitamani baba amwambie jambo, lolote lile, lakini baba aliendesha kimya. Kabla hawajafika nusu ya njia, injini ilikohoa mara mbili, ikazimika.

Nabih alijaribu tena na tena. Akasema haiwezekani, kilomita zake bado hazijaisha. Jua lilikuwa kali. Ghinwa alipogeuka, alimwona bibi amefumba macho, midomo imekauka, kichwa chake kimelala begani mwa Wisal. Wisal alikuwa akimpepea kwa gazeti. Uso wake ulikuwa umepauka kwa kichefuchefu, lakini mkono haukuacha kupepea.

"Baba, ni mimi," Ghinwa akasema. "Wisal hakuwasha. Niliwasha mimi, wiki nzima. Nilifikiri gari likisimama halili kitu."

Nabih aliachia ufunguo. "Injini ikiwaka inakula, mwanangu, gari liende lisiende. Saa moja limesimama, gari kama hili linaweza kunywa karibu lita nzima, na ukiwasha kiyoyozi linazidi hapo. Nilidhani liliwashwa mara moja tu, na mimi nahesabu kilomita. Gari lililosimama halina kilomita."

Lori dogo lililobeba magunia ya viazi lilisimama. Dereva alimkaribisha bibi mbele pamoja na Nabih, na wasichana wakapanda nyuma juu ya magunia. Huko Ghinwa aliomba msamaha.

"Uliniona nikilia," Wisal akasema, "ukanyamaza." Hakuongeza neno mpaka Zahle.

Bibi alichelewa, lakini alipokelewa, na wauguzi wakamwunganisha kwenye mashine. Nabih alipotoka aliwakuta wasichana kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya Ghinwa na kumwuliza kwa nini alifanya vile.

"Ulimfundisha yeye," Ghinwa akajibu kwa sauti ndogo. "Na kiti cha mbele ukampa yeye. Nikawaita wasichana wa jirani garini, nikawaambia yeye ni mgeni tu."

"Kiti nilimpa kwa sababu anatapika akikaa nyuma. Na kufundishwa, aliniomba. Ungeniomba, ningekufundisha. Lakini na mimi nina kosa: nilipaswa kukuita." Akamshika mkono. "Wivu humpata kila mtu, mwanangu. Ukikupata, sema. Ukiuficha, utamwumiza asiyekukosea. Umemsingizia Wisal, na bibi yako nusura alipe kwa afya yake. Leo umesema kweli bila kuulizwa, na hilo nimeliona. Sasa nenda ukawaambie kweli na wale uliowadanganya."

Jioni ile, baada ya jirani kuwasaidia kulivuta gari hadi nyumbani, Ghinwa aliwaendea wale wasichana wawili. Aliwaeleza petroli ile ilikuwa ya nani, na kwamba Wisal si mgeni, ni ndugu yake. Wisal alikuwa amesimama nyuma yake na alisikia kila neno. Walirudi nyumbani pamoja, bado hawazungumzi sana, kwenda kumpikia bibi supu.