Chapa Iliyotazama Ndani

Damari alikutwa amelala chini ya mlango wa lori lililopinduka, kanga yake bado ameishika mkononi, kwenye mteremko wa kuingilia Ikungi. Ilikuwa asubuhi ya mnada, mwaka 1975, watu wengi bado wanahangaika kujenga kwenye vijiji vipya. Waliopanda nyuma waliumia, huyu mkono, yule mbavu. Yeye aliyekaa mbele na dereva ndiye aliyekufa. Lori lilikuwa mali ya kijiji cha Umoja, na Sajenti Antipasi hajashuka vizuri kwenye baiskeli, watu walikuwa wameshampa jibu.

"Dereva kalewa, afande. Mwangalie macho."

Macho ya Nathanaeli, dereva mwenyewe, yalikuwa mekundu kweli. Alikuwa ameketi vumbini. Muda si mrefu akafika Kefa, fundi wa lori hilo na mume wa marehemu, anahema.

"Kaniulia mke wangu," alisema. "Mfungeni."

Nani angebishana na mfiwa? Nathanaeli akapelekwa mahabusu, na kila mtu alijua kwamba kwa kosa lile angezeekea gerezani. Lakini Antipasi alikuwa mbishi, hata na nafsi yake mwenyewe, na kinywa cha yule dereva hakikunuka pombe hata kidogo.

"Jana ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Sepuka, afande. Nimemzika mama. Nilikaa msibani siku kadhaa, nikaitwa, maana kijiji hakina dereva mwingine. Nimefika leo alfajiri, watu wameshapanda."

"Ulikuwa unalia?"

"Ni mama yangu, afande."

"Tairi ulizikagua?"

"Niliziangalia kwa nje. Zilikuwa nzima."

Wengine wakamtaja mzee Alute. Lori hilo ndilo lililobeba boriti za nyumba yake ilipobomolewa ahamie Umoja, naye aliapa mbele ya watu kwamba halitamaliza mwaka. Sajenti akamfuata.

"Shikamoo, mzee. Uliweka misumari njiani?"

"Marahaba. Nililiapiza, sikulitoboa," alijibu mzee. "Msumari ningeupata wapi, mwanangu? Hata wa kugongea mlango kwenye hicho kibanda mlichonipa sina."

Alisema kweli, uchungu wake wote uko mdomoni. Antipasi alirudi kwenye lori akapiga magoti. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa imepasuka, wala hakukuwa na tundu la msumari. Upande wa ndani, unaoelekea springi, ilikuwa imelika mpaka nyuzi zinaonekana. Upande wa nje meno yalikuwa yamesimama kama ya tairi mpya. Ya kulia ilikuwa hivyohivyo.

Halafu akatafuta chapa. Pale Umoja kila mali ya wote ilichomwa chapa kwa chuma kilekile cha ng'ombe, na tairi zilichomwa upande wa nje ili mwizi asizifiche. Za nyuma zilikuwa na chapa nje. Hizi mbili za mbele, chapa ilitazama ndani.

Sajenti akachungulia zaidi, akaona vipande vya chuma cha reli vimepachikwa chini ya springi za mbele.

Alimkuta Kefa kwenye matanga ya mkewe, akamwomba wakae nyuma ya nyumba.

"Fundi, vile vyuma vya reli chini ya springi za mbele ni kazi yako?"

"Ni mimi. Pua ya lori ilikuwa imelala, inagonga kila shimo. Nilivitoa Manyoni nikaiinua, ikakaa sawa na nyuma. Walinipigia makofi mkutanoni."

"Baada ya kuiinua, usukani ukawaje?"

Kefa alisita. "Ukavuta upande. Nikarekebisha fimbo ya usukani kwa macho tu, bila kipimo."

"Magurudumu yakabaki yanatazamana kwa mbele, yakawa yanajiburuza na kula tairi upande wa nje. Lakini tairi nilizoziona zimelika ndani. Mtu amezitoa akazigeuza, chapa ikatazama ndani, ili upara usionekane. Nathanaeli alikuwa msibani. Mataimbo ya kutolea tairi anayo nani?"

"Ninayo mimi."

"Kwa nini, Kefa?"

"Tairi mpya kwisha kwa mwezi mmoja, afande! Mwenyekiti alishasema, anayeharibu mali ya kijiji ni mhujumu. Na mimi walishanipigia makofi. Nikasema moyoni, mnada huu upite tu, kisha nitalipeleka Singida mjini wakaninyooshee magurudumu."

"Na mke wako akapanda."

"Sikujua kama anakwenda. Nilimwona ameshakaa mbele. Akaniuliza nikuletee nini, nikamwambia chumvi."

"Ungemwambia ashuke."

"Ningemshusha mke wangu, wote wangeuliza kwa nini." Kefa alianza kulia, kwa sauti, bila kujificha. "Nilitaka kufungua mdomo. Wallahi nilitaka. Lori likaondoka."

Antipasi naye alifuta macho kwa mkono wa shati. Hakumfunga pingu. Alimtuma kijana kwa baiskeli apeleke habari kituoni, akamsubiri Kefa akaage watoto, wakafuata kwa miguu.

Nathanaeli ndiyo kwanza anatolewa mahabusu walipofika. Walikutana mlangoni. Askari aliyekuwa zamu alikuwa ameshamweleza yote, na Sajenti alijiweka katikati yao, kwa kuwa mtu aliyesingiziwa kifo anaweza kufanya lolote.

Nathanaeli alitoa mkono. "Pole na msiba, kaka Kefa."

"Asante," Kefa alisema, akaushika mkono ule. "Na wewe pole na mama."

Tangu Nathanaeli arudi kutoka Sepuka, hakuna mtu wa Umoja aliyekuwa amempa pole ya mama yake. Kefa ndiye alikuwa wa kwanza.