Uzi wa Malkia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia banda la mbuzi wa shangazi yake, akabadilisha maji, kisha akapiga soga na mbuzi. Hakuitwa Chiriku bure. Aliwasimulia ndoto zake, mitihani yake, hata ugomvi wa majirani, nao walimsikiliza huku wakitafuna. Kipenzi chake alikuwa Malkia, mbuzi mweusi mwenye miguu myeupe. Shangazi alikuwa ameahidi, "Malkia akizaa, mtoto wa kwanza ni wako. Utamlea mwenyewe." Ahadi hiyo ilimfurahisha Chiriku mno.

Mwaka uliopita mbuzi walikuwa wamezaa ovyo ovyo, huyu leo, yule mwezi ujao, wengine katikati ya kiangazi. Vitoto kadhaa vilikufa kwa kukosa maziwa, na Shangazi alilia bila kujificha. Ndiyo maana safari hii alimwita daktari wa mifugo, mama mrefu mwenye buti za mpira, ambaye akicheka hata mbuzi hugeuka kumtazama.

Daktari alimwekea kila mbuzi jike kipande cha sponji chenye dawa ndani ya njia ya uzazi. Nje ulibaki uzi tu, ukining'inia chini ya mkia.

"Dawa inatoka kidogo kidogo," alimweleza Chiriku. "Ikiwa mwilini, mbuzi hamtaki dume. Tukizitoa sponji zote pamoja, wote watamtaka wakati mmoja, watashika mimba pamoja, watazaa pamoja majani yakiwa tele. Tutazitoa kwa kuvuta huo uzi. Usiuguse, umesikia?"

"Nimesikia, daktari!"

Kusikia alisikia. Shida ilikuwa watoto wa jirani. Siku moja alimpeleka Malkia kunywa maji bombani, na mtoto wa fundi viatu akapiga kelele, "Jamani, njooni muone! Mbuzi wa Chiriku ana mikia miwili!"

"Mmoja wa kufukuzia nzi, mwingine wa kufungia mizigo!" akadakia dada yake.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Chiriku alirudi nyumbani amenuna, akachukua mkasi wa Shangazi wa kushonea. "Nitaupunguza kidogo tu," alijiambia. Malkia akashtuka, mkasi ukateleza, uzi ukakatika karibu wote. Kipande kilichobaki kikaingia ndani, kikapotea.

Tangu siku hiyo mbuzi hawakupata habari yoyote. Shangazi alimgusa Chiriku paji la uso. "Wewe, unaumwa? Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia sufuria ikichemka."

"Siumwi, Shangazi," alijibu, akaangalia pembeni.

Siku ya kutoa sponji ilifika. Daktari alivaa glavu, akavuta uzi mmoja baada ya mwingine. Kila sponji iliyotoka, Shangazi aliishangilia kama bao. Ikafika zamu ya Malkia. Daktari akainua mkia, akakunja uso.

"Huyu hana uzi. Sponji yake itakuwa imedondoka."

"Masikini!" alisema Shangazi. "Basi hatazaa na wenzake. Pole, mwanangu, mtoto wako utamngoja mwaka ujao."

Chiriku aliwaza haraka. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini Malkia alikuwa amesimama pale, akimlamba mkono.

"Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "je, ikibaki ndani?"

"Ataugua vibaya. Anaweza asizae tena maishani."

Machozi yakamtoka. "Imo ndani! Uzi niliukata mimi! Walinicheka, wakasema mikia miwili, nikachukua mkasi wako, Shangazi, nilitaka kupunguza kidogo tu, Malkia akashtuka..."

Shangazi alishika kiuno. "Mkasi wangu? Ule wa kushonea?"

Daktari hakusubiri kesi ya mkasi. Alibadilisha glavu, akapaka mafuta, akapapasa taratibu, kisha akatumia koleo refu jembamba. Malkia akalalamika mara moja. "Nimeipata!" alisema daktari. Sponji ilinuka vibaya hata Shangazi akasahau hasira, akakimbilia mlangoni akiziba pua. Wote watatu wakaangua kicheko. Malkia alirudi kwenye majani yake kama vile hakuna kilichotokea.

Dume akaletwa, na bandani hapakukalika. Miezi ikapita. Mvua zilipootesha majani mabichi kila mahali, mbuzi wote walizaa katika wiki moja, vitoto vikajaa banda zima vikirukaruka. Malkia alipata mapacha. Watoto wa fundi viatu walikuja mbio, wakaomba kuwabeba.

"Hawa wana mikia mingapi?" aliuliza yule mchokozi.

"Mmoja mmoja! Hesabu mwenyewe!" Chiriku alijibu akicheka.

Daktari alikuja kuwakagua. Alimaliza, akamshika Chiriku bega. "Dawa tuliiacha itoke kidogo kidogo, ndiyo kazi yake. Lakini ukikosea, mwanangu, usiutoe ukweli kwa mtindo huo. Useme wote, na siku hiyohiyo. Ungenyamaza mpaka mwisho, leo tungekuwa tunamlilia Malkia. Umesikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Hata safari ile ulisema umesikia," Shangazi alimtania. "Mkasi nimeuficha."

Chiriku alimpakata yule pacha aliyezaliwa kwanza, ambaye sasa alikuwa wake. Akaanza kumsimulia habari yote ya uzi wa mama yake, tangu mwanzo, bila kuruka kipande cha mkasi.