Pushapu ya Kumi na Nne

Kila alasiri baada ya masomo tuliburuta vyuma vyetu kutoka stoo ya shule hadi uwanja wa kijiji. Naviita vyuma, lakini ilikuwa mikebe ya nyama ya ng'ombe iliyojazwa saruji na kuunganishwa miwili miwili kwa kipande cha bomba. Mwalimu Iakopo alivitengeneza mwenyewe. Unashika kimoja kila mkono. Akipuliza filimbi unafanya kazi sekunde arobaini. Akipuliza tena unapumua sekunde ishirini. Kwanza kuchuchumaa navyo, kisha kuvisukuma juu ya kichwa, kupiga hatua ndefu, kuvivuta hadi ubavuni, na mwisho unaviweka chini na kupiga pushapu. Yote hayo mara mbili, dakika kumi kamili. Kengele ya sala ya jioni ikilia uwe umeshaoga.

Tulifanya wawili wawili. Mmoja akifanya, mwenzake anahesabu kwa sauti, kisha mnabadilishana. Mwenzangu alikuwa Lepeka, msichana mwembamba wa miaka kumi na mitatu kama mimi. Mimi ni Fuatino, binti wa mchungaji, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Huku Savaii, kisiwa chetu cha Samoa, mchungaji hahudumu katika kijiji alikozaliwa. Sisi tuliletwa, tukapewa nyumba, na tangu siku hiyo sikubeba hata ndoo ya maji mbele ya watu. Nikikaribia bomba la maji, wananipisha. Nikiangusha mpira mchezoni, aliyenirushia ndiye anayeomba radhi. Mnadhani ni raha? Inaudhi hadi unatamani kuuma mtu. Nilivipenda vile vyuma kwa sababu saruji haikujua baba yangu ni nani.

Muhula huo wasichana sita wangevuka kwa meli kwenda kisiwa cha pili, Upolu, kwenye mashindano ya shule. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka safari ile. Mwalimu alisema tutapimwa Ijumaa: hesabu zote za dakika kumi zitajumlishwa, na sita wa juu ndio watakaokwenda.

Ijumaa Lepeka alitangulia, nami nikamhesabia. Akapata mia na arobaini. Zamu yangu ilikwenda vizuri mpaka pushapu za mwisho. Nilipofika kumi na tatu, mikono ikagoma. Nikajisukuma, kifua kikainuka kidogo, nikaangukia pua.

"Kumi na nne," akasema Lepeka.

Nikajaribu tena, hata viwiko havikunyooka. "Kumi na tano." Akaendelea vivyo hivyo hadi filimbi ikalia, na akawa amefika kumi na nane. Nilisikia kila namba. Msiniambie sikuwa na pumzi za kusema, maana dakika ile ile niliomba maji.

Mwalimu akasoma majina. Wa sita alikuwa Fuatino, mia na arobaini na mbili. Wa saba, aliyebaki, alikuwa Lepeka.

Nilimfuata stoo damu ikinichemka. Nikamuuliza ni nani aliyemtuma kuniongezea. Kwanza akajifanya hajui ninasema nini. Nilipombana akakiri kwamba asubuhi ile mama yake alimkalisha chini, akamwambia itakuwa aibu kubwa yeye kwenda Upolu na binti wa mchungaji kubaki nyumbani.

"Sasa ulitaka nifanye nini?" akaniuliza.

"Uhesabu. Ulipewa kazi ya kuhesabu, basi."

"Na wewe mbona ulinyamaza?"

Swali lile lilinichoma, na mimi nikichomwa sijibu, natukana. Nilimwita mwongo. Nikamwita na mengine ambayo binti wa mchungaji hapaswi kuyajua. Kisha nikaupiga teke mkebe wa saruji, na aliyeumia ni mimi.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Lepeka alituletea chakula kutoka kwenye tanuri lao la mawe: magimbi, shelisheli na samaki mkubwa wa tui. Lepeka alibeba sinia, macho chini. Mama yake akanipongeza kwa safari, akaweka mbele yangu minofu iliyonona kuliko ile ya baba. Halafu akaketi kutupepea nzi, kama desturi ilivyo, na binti yake akaketi nyuma yake akisubiri tushibe ndipo nao wale.

Nikaisukuma sahani. Baba akaniuliza kulikoni. Basi nikalipuka, mezani kwa mchungaji, siku ya Jumapili. Nikasema yote: kumi na nne, kumi na tano, mpaka kumi na nane. Nikasema Lepeka ni mwongo, mama yake ndiye aliyemfundisha, na kijiji kizima kinanifanya kama yai. Mkono wa Mama Lepeka ukasimama hewani na upepeo wake.

Baba hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Ile pushapu ya kumi na nne," akasema, "nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba haikuwepo?"

"Lepeka. Si ndiye aliyekuwa anahesabu?"

"Lepeka aliona kwa macho. Wewe ulijua kwa mikono yako. Hasira yote umempa yeye, mwanangu. Wewe umejibakizia kiasi gani?"

Nililia, na sikulia kwa toba, nililia kwa hasira. Ila safari hii nilijua ninamkasirikia nani.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Iakopo kabla ya kengele ya kwanza. Alikasirika kwelikweli. Alisema alikuwa ameamini orodha yake, na kwamba angekuwa na haki ya kunifuta hapo hapo. Mwishowe akaamua mimi na Lepeka tupimwe upya alasiri ile. Lakini nani angenihesabia? Aliwatazama wasichana mmoja mmoja, na kila mmoja akatazama miguu yake. Katika kijiji chetu mtu pekee asiyemwogopa mchungaji ni mchungaji mwenyewe, kwa hiyo mwalimu akaenda kumwita baba.

Nilimhesabia Lepeka kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. Mia na arobaini na moja, zote safi. Mama yake alisimama pembeni, ameziba mdomo kwa kitambaa. Kisha baba akapiga magoti kando yangu. Nikichuchumaa nusu, anasema, "Hiyo bado." Nikivisukuma vyuma bila kunyoosha mikono, anasema, "Hiyo siihesabu." Nilimchukia kwa dakika kumi nzima. Nilipata mia na thelathini na tatu.

Mwalimu akafuta jina langu, akaandika la Lepeka. Hapo baba akasimama, akafuta nyasi magotini, akazungumza na wote waliokuwepo.

"Mnatuheshimu, na tunashukuru," alisema. "Lakini mlipompa Fuatino pushapu tano ambazo hakuzipiga, mlimnyima sababu ya kujifunza kuzipiga. Na Lepeka mkamnyang'anya alichokitolea jasho. Heshima haimuongezei mtu hesabu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, uongo unaokufaa ukiunyamazia, huo ni wako, hata kama ulisemwa na mdomo wa mwingine."

Mama Lepeka akainamisha kichwa. Kisha akamwambia binti yake, mbele yetu sote, kwamba yeye, mama, ndiye aliyekosea kumtuma vile.

Wanaosema kwamba ukweli huleta raha papo hapo, wao hawajawahi kuachwa gatini. Alhamisi nilimbebea Lepeka begi lake hadi kwenye meli, na watu waliotaka kunipokea mzigo nikawakatalia. Nilimwomba radhi kwa yale matusi. Akasema mengine hata hakuyaelewa, kisha akaniomba nimsamehe na yeye kwa zile namba. Meli ikaondoka, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimenuna mpaka sala ya jioni.

Aliporudi tuliendelea pamoja, mikebe ile ile, filimbi ile ile. Wiki ya tatu nikafika kumi na tatu na mikono ikagoma kama siku ile. Nikajisukuma, nikainuka nusu, nikasikiliza.

"Hiyo bado," akasema Lepeka, kwa sauti ya baba kabisa.

Nilikasirika mno. Nikaitia ile hasira yote mikononi, nikasukuma ardhi mpaka viwiko vikanyooka.

"Kumi na nne," akasema, bila hata kutabasamu.

Nikaanguka kifudifudi nyasini, na hakuna aliyekimbilia kuniinua.