Matunda ya Mahame ya Mgori

Jua lilikuwa linazama Laurenti, dereva wa bodaboda wa huko, aliposimamisha pikipiki kando ya mahame ya mji ulioachwa zamani, nje kidogo ya Mgori.

"Ingia mwenyewe, dada. Mimi nasubiri hapa."

Nilimtazama kwa shaka. Njia nzima alikuwa anapiga soga. Sasa hata injini hakutaka kuzima.

Kazi yangu ni kukusanya mimea kwa ajili ya hifadhi ya mimea mikavu. Kumbukumbu zetu zilionyesha kwamba tunda-pori moja, dogo, la njano, linalojificha ndani ya kifuko chembamba kama karatasi, liliwahi kuchumwa hapa. Nilitaka shina moja tu.

Nililiona upesi, katikati ya kuta zilizoanguka. Ukame ulikuwa umekausha kila kitu, lakini lenyewe lilikuwa bichi kabisa.

Nikaling'oa.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanijaa puani...

"Unawapeleka wapi?"

Nyuma ya ukuta alichuchumaa bibi mmoja, kanga imefunika nusu ya uso.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia.

"Unaitwa nani?" alinong'ona.

"Agripina."

Akatabasamu. Kinywani hamkuwa na jino hata moja.

Nilirudi mbio. Laurenti aliutazama ule mmea, kisha mimi.

"Amekuuliza jina?"

"Ndiyo."

"Ukamtajia?"

Nikapanda nyuma yake. Akaondoa pikipiki kwa kasi.

Njiani nilimbana mpaka akasema. Bibi mmoja aitwaye Sikudhani, mwenye mji ule, alisingiziwa uchawi mwaka ambao surua iliua watoto wengi. Wengine husema alikimbilia Kinyangiri. Wengine husema hakufika popote.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nilikuwa mdogo," akajibu haraka mno.

Nilipofika gesti yangu huko Mwankoko, nilitandika magazeti nianze kuukausha mmea.

Kwaru... kwaru...

Kifuko kimoja kilitikisika. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikakipasua kwa kucha. Ndani hamkuwa na tunda.

Kulikuwa na jino la mtoto. Mzizi wake una damu mbichi.

Simu ikaita. Alikuwa Lucy, binti yangu wa miaka sita, niliyemwacha Dodoma kwa mama yangu.

"Mama, jino langu limetoka! Bibi amelichukua."

"Bibi yako?"

"Hapana. Mwingine. Amesema unamjua, umemwambia jina lako."

Nilimsikia mama yangu kwa mbali akiuliza, "Lucy, unaongea na nani huko gizani?"

Alfajiri niliurudisha mmea mahameni, na lile jino, nikavifukia palepale. Laurenti hakupokea simu yangu siku hiyo, wala hajapokea tena.

Lucy sasa ana miaka tisa. Meno yake mengine yameota vizuri. Pengo lile moja bado liko wazi. Daktari anasema tuvute subira.

Kuna asubuhi, nikimpigisha mswaki, pumzi yake hunuka maziwa yaliyochacha.