Joto la Nyuma ya Ukuta

Bamba la kwanza lilitoka jasho siku ileile lilipobandikwa. Taisto Kangas alilipangusa kwa kiganja akidhani ni unyevu wa ukuta. Lakini unyevu wa ukuta Thunder Bay, kule Kanada, mwezi wa Novemba ni wa baridi, na huu ulikuwa vuguvugu, wenye harufu ya majani yaliyochemshwa. Akajifuta kwenye suruali, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe aliijua vizuri. Unasugua zege, unapaka gundi, unasukuma bamba la povu gumu mpaka ling'ang'anie. Maungio unayaziba kwa utepe, na kila ufa unaupulizia povu la kopo, hewa ya ndani isipate mwanya wa kugusa ukuta. Hapo chumba cha chini ya ardhi kinakalika hata theluji ikifika madirishani.

Ubaya ulikuwa kwenye sababu. Mkewe, Darlene, alikitaka chumba cha juu cha mama mkwe wake, chenye dirisha la kuonea ziwa, na Taisto, ambaye mbele ya mkewe hakuwa na ulimi, akaamua kumshusha mama yake chini. Ili nafasi itoshe, aling'oa sauna, chumba cha mbao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ambayo marehemu baba yake aliijenga mle chini, akalitupa jiko na mawe yake nyuma ya nyumba.

Mama yake, Bi Helmi, alisimama juu ya ngazi na mkongojo wake.

"Taisto, hukuliwasha jiko hata mara ya mwisho?"

"La nini, mama?"

"La mwenyewe! Watu wote wakishaoga, zamu ya mwisho ni yake. Baba yako hakutoka mle hata siku moja bila kumwachia moto na kata ya maji."

"Basi safari hii ataoga kwao."

Darlene akacheka kutoka jikoni. "Mwambieni apande juu, tuna bafu!"

Wafini wa mji ule, wenye asili ya Ufini, huamini kila sauna ina jini wake, na hawafanyii mzaha jambo hilo. Lakini Darlene hakuwa wa kwao, na Taisto siku hizo alikuwa akiona haya kuwa wa kwao.

Jumamosi, siku ya kuoga, giza lilipoingia mapema kama kawaida ya majira yale, mawe yasiyokuwepo yalilia. Fssss! Mlio wa maji yakimwagwa juu ya jiko la moto. Bi Helmi, aliyekwisha kuhamishiwa chini, alimwita mwanawe kwa mnong'ono.

"Amekaa hapo."

"Nani?"

"Usinyooshe kidole, mwanangu!"

Nyuma ya kitanda bamba lilikuwa limelainika na kutuna: mgongo mpana, mabega, kichwa kilichoinama, mtu aliyeegemea kutoka upande wa pili. Chumba kilinuka plastiki inayoungua. Taisto akamshika mama yake mkono ili amwinue, akauachia upesi. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Kesho yake aliitwa Impi Saarela, mpiga chuku, mwanamke aliyewatoa damu chafu nusu ya wazee wa mji. Aliweka sikio kwenye bamba, akasikiliza, akarudi nyuma huku pembe zake zikigongana mkobani.

"Umemnyang'anya moto wake, kijana, ukamzibia na ukuta. Sasa anafyonza joto la aliye karibu. Rudisha mawe, washa jiko, mpe zamu yake. Na mama yako apande juu leo hii."

"Nisipofanya?"

Impi alimkazia macho. "Mzee hana joto la kudumu. Likiisha, jini atakuwa amepata mwenzake, na akipata mwenzake hutulia. Mbona unauliza hivyo?"

Taisto aliinua macho darini. Juu kule Darlene alikuwa akipaka rangi ya manjano chumba cha dirisha la ziwa, akiimba.

"Nitayarudisha mawe," alisema. Mpiga chuku alipoondoka, alibandika bamba la pili juu ya lile lililotuna.

Jumamosi iliyofuata alisimama katikati ya ngazi, mkono umegandia ukingoni, akisikia maji yakilia juu ya mawe, kisha viti vya mbao vya sauna aliyoivunja mwenyewe vikilalamika kwa uzito wa mtu anayesogea, akisogea, akisogea karibu, na chini ya sauti hizo zote mama yake akinong'ona, "Taisto, nipandishe, mwanangu, ananilalia," naye akapanda peke yake, akaongeza sauti ya televisheni. Mwoga mkubwa! Asubuhi walimkuta Bi Helmi na umande wa barafu kwenye nyusi, ndani ya chumba chenye joto la kupendeza.

Walimzika. Jini akatulia kama alivyosema Impi, na Darlene akalisifu joto la chini kwa kila mgeni.

Kisha jioni moja Taisto aliteremka kuchukua koleo la theluji, akaona utepe umebanduka kwenye ungio la mabamba. Upepo mkali ulikuwa ukitoka mle. Ndani yake kucha zilikwaruza povu, taratibu, kwa subira.

"Taisto? Kuna baridi huku, mwanangu. Na yeye hachoki. Fungua kidogo tu, mkono upite."

Alilia, tena alilia kwelikweli, paji la uso likiwa kwenye bamba. Halafu akachukua kopo la povu, akalitikisa vizuri, akapuliza kwenye ungio kutoka chini hadi juu, na mama yake akaendelea kumwita mpaka jina likakatikia katikati.