Laiki Hazisimami Ukumbini

Hapa Osterby, jimbo la Iowa, mimi Ardis ndimi niliyempandisha Ramona Tveit mtandaoni. Kusema kweli nilimshikia simu tu, na video ya kwanza ilionyesha kidole changu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ramona alikuwa meya wa mji mdogo huko Montana. Alitaka chama chetu kimteue kugombea urais. Hakuwa na jina wala matangazo ya televisheni. Lakini alisema jambo ambalo wakubwa hawakulisema: hospitali za mashambani zirudishiwe wodi za kujifungulia. Wodi yetu ilikuwa imefungwa. Binti yangu Karin alijifungulia garini, kando ya shamba la mahindi, theluji ikianguka, na mkunga nilikuwa mimi nisiyejua lolote. Kwa hiyo usije ukatuambia Ramona ni mgombea mdogo.

Kaka yangu Gaylen alituambia hivyo hivyo. Yeye ni mwenyekiti wa chama hapa mjini, na alikuwa upande wa seneta mmoja aliyewania uteuzi huo huo.

"Dada, huyo mama atapata kura yako na ya paka," alisema huku akila pai yangu.

"Basi paka ana akili kuliko mwenyekiti. Rudisha pai."

Hakurudisha.

Karin akafungua ukurasa. Laiki zikamiminika. Wafuasi wakaja kutoka Florida, wengine hata Brazili. Binti yangu akatembea siku hizo kama aliyekwisha kushinda. Ndipo jirani yetu Bernadine Kucera alipokuja kunywa kahawa. Bernadine hushona mablanketi ya viraka na kuyauza mtandaoni. Akautazama ukurasa, akavua miwani.

"Hawa wote wanaishi wapi?"

"Kila mahali, shangazi," Karin akasema.

"Na Januari watakuja kusimama nasi shuleni?"

Karin akaanza kusogeza majina kwa kidole, akitafuta wa kwetu. Kwetu mchujo wa wagombea wa chama haufanywi kwa sanduku la kura. Tunakusanyika jioni katika ukumbi wa michezo wa shule. Kila kundi linasimama kwenye kona yake, kisha tunahesabiwa vichwa. Kundi lisilofikisha watu kumi na tano katika kila mia linavunjwa. Watu wake huhamia kona nyingine. Mtu wa Brazili hana kona hapo.

"Wanaosifu mablanketi yangu ni wengi," Bernadine akasema. "Anayenunua ni yule aliyeuliza swali nikamjibu. Watafute majirani, mwanangu. Video iwe fupi. Iseme jambo moja, imwombe mtu jambo moja. Akiuliza, mjibu mwenyewe. Kama hujui, sema hujui, kisha katafute. Na anayekutukana usimtukane. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika."

"Hata mjomba Gaylen nisimjibu?"

"Huyo mwachie mama yako."

Ramona alipopita wilayani kwetu, tulimrekodi jikoni kwa Bernadine. Katikati ya maneno, paka wa Bernadine, aliyefungwa bandeji mguuni, akapanda mezani na kuutia mguu huo kwenye kahawa ya mgombea. Karin alitaka kukata kipande hicho.

"Kiache," Bernadine akasema. "Watu wajue ni jikoni kweli."

Ramona akampakata paka, akamalizia: "Kama unaishi wilaya hii, na umewahi kuendesha gari mbali kumpeleka mgonjwa, tuandikie. Halafu njoo jikoni hapa Jumamosi."

Wakaandika. Karin akamjibu kila mmoja kwa jina lake. Jumamosi wakaja na vyakula vyao vya kuoka, tukafanya mazoezi ya kusimama kwenye kona, wengine karibu na jiko, wengine karibu na friji. Mjini Gaylen akawa anatangaza kila mahali: "Mimi video zao sijatazama hata moja. Nina kazi za kufanya."

Siku ikafika. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ukumbini tulikuwa watu mia. Gaylen akapita akituhesabu, akigusa hewa kwa kalamu.

"Kumi na wanne," akasema. "Pole, dada. Pungufu mmoja. Kundi lenu linavunjwa, labda mumpate mtu sasa hivi. Seneta ana nafasi, njooni."

"Hatuji," Karin akasema.

"Sheria ni sheria."

"Sheria inatupa muda wa kushawishi watu, mjomba. Usituharakishe."

Akageukia ukumbi. "Mwanangu alizaliwa barabarani. Sihamii kwa mtu ambaye hajawahi hata kuitaja barabara hiyo. Nani anakuja kusimama nami?"

Merle Aukes, mfugaji wa nguruwe, akatoka kwenye kona ya gavana mmoja ambayo nayo ilikuwa imevunjwa.

"Niliuliza mtandaoni fedha za hizo wodi zitatoka wapi," akasema. "Niliwauliza wagombea wote. Mmoja alinitumia picha ya bendera. Wewe, Karin, ulisema hujui. Kesho yake ukarudi na jibu. Sikulipenda lote. Lakini lilikuwa jibu."

Akaja, akasimama kando yangu. Alinuka nguruwe, na sijawahi kunusa kitu kizuri kama hicho.

Gaylen akahesabu upya, polepole, kama anayetumaini mmoja wetu atazimia. Hakuzimia mtu. Kona yetu ikahesabiwa, na Ramona akapata mjumbe kutoka Osterby, wa kumpigia kura kwenye mkutano wa chama.

"Haya," Gaylen akasema kwa sauti, ukumbi mzima usikie. "Ila msidhani ni hizo video. Mtu makini hazitazami. Mimi sijatazama hata moja."

Bernadine akampitishia sahani ya biskuti. Gaylen akachukua moja, akamwinamia.

"Halafu, Bernadine, yule paka wako, ule mguu umeshapona?"

Bernadine akaishusha sahani. "Paka wangu hatoki ndani, Gaylen. Na wewe kwangu hujakanyaga mwaka mzima."

"Niliambiwa."

"Na nani, kaka?" nikamwuliza.

Akaitia biskuti yote mdomoni kwa mkupuo, ili asiweze kujibu.