Miwani ya Nyati

Kila akitoka shule, Kinasih, msichana wa miaka kumi na miwili, alipitia kwenye studio ya mama yake hapo Yogyakarta. Alivua viatu mlangoni, akala tempe, yaani vipande vya soya iliyochachushwa, ya kukaanga, kisha akafanya hesabu zake huku wachoraji wakichora vitabu vya watoto kwenye kompyuta.

Zamani studio ile haikukosa ugomvi. Picha moja ilikuwa na mafaili matatu: mwisho, mwisho kabisa na mwisho wa kweli, na bado kwenye kiwanda cha uchapaji likaenda lile bovu. Ndipo mama yake, Bi Sulastri, akaweka programu mpya. Kila picha ilipewa kadi ya kuonyesha nani anaishughulikia na imefika wapi. Tena ukihifadhi, toleo la zamani halifutiki. Jipya huwekwa juu yake, pamoja na jina lako na saa. Sharti lilikuwa moja tu: ukiinuka, hata kwenda kuswali, funga kompyuta kwa nywila yako.

Alhamisi moja Wening, mchoraji mgeni aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio, alikwenda kuswali alasiri akasahau kufunga. Kwenye kioo cha kompyuta yake alisimama nyati katikati ya mpunga, na kadi yake ilisema "tayari kuchapwa". Kinasih akaketi. Akamchorea nyati miwani, akacheka peke yake. Mara akasikia ndala za Wening. Badala ya kufuta, kwa woga akabonyeza kuhifadhi, akarukia daftari lake.

Kesho yake, picha ilipofika kiwandani, mtu wa huko akapiga simu kuuliza kama nyati huyo anajiandaa kusoma gazeti.

Picha ilipona palepale, kwa kuwa toleo la nane lilikuwapo. Lakini la tisa liliandikwa: Wening, saa tisa na dakika ishirini. Bi Sulastri akamwita Wening, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi ya mteja haifanyiwi mzaha, na kwamba Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho.

Wening aliinamisha kichwa. "Sikuchora mimi, Mama. Lakini jina ni langu, nitabisha nini?"

Kinasih, aliyekuwa akisikia yote pembeni, alijiambia kwamba picha si imeshapona, basi hakuna kilichoharibika. Wening aliporudi kwenye kiti chake alimsogezea Kinasih sahani yake ya tempe, kama alivyozoea.

"Kula, mdogo wangu. Leo sina njaa."

Kinasih aliirudisha sahani ile, akainuka, akamfuata mama yake.

"Mama, miwani niliichora mimi. Dada Wening alikuwa anaswali."

Bi Sulastri alimshika mkono, akampeleka hadi kwa Wening, akaomba radhi yeye kwanza mbele ya wote, akamsihi abaki. Ndipo akamgeukia binti yake.

"Programu inamjua aliyefungua. Aliyeketi haimjui. Ungenyamaza, dada yako angekosa kazi, na wewe ungekuwa umeshiba chakula chake. Mchezo wa dakika mbili unaweza kumharibia mtu maisha, mwanangu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyekuona."

Akamkalisha kwenye kompyuta, aandike mwenyewe chini ya toleo la tisa: "Miwani ni ya Kinasih. Nisamehe, Dada Wening."

Wening aliisoma, akasema atabaki, na kwamba kweli miwani ilimkaa nyati vizuri. Wote walicheka. Kinasih hakuweza.